Mwacha Asili na Chupa ya Keratini

Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa yatumiwa juu ya kichwa cha mwanamke kuliko juu ya kitu kingine cho chote. Mtu akiacha lugha ya mama yake husemwa kidogo, kisha akasamehewa. Akiacha chakula cha kwao akala cha wageni, husifiwa kuwa ameendelea. Lakini mwanamke akinyoosha nywele zake, methali hii hushushwa juu yake kama rungu, na mara nyingi waishushao ni wanaume ambao vichwa vyao hunyolewa kila wiki mbili wala havijapata kuulizwa asili yake. Mimi si mwanamume, lakini nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa washushao rungu hilo. Nilifundisha shairi refu la Okot p'Bitek, Song of Lawino, lililochapishwa Nairobi mwaka 1966, na kila mwaka tulipofika katika sehemu ya nywele niliwatazama wanafunzi wa kike walionyoosha nywele zao, nikasoma kwa sauti ya hakimu.

Mwaka jana nilikwenda saluni mwenyewe, hapa Dar es Salaam, nikatiwa keratini. Sababu zangu hazikuwa kubwa. Nywele zangu ni za asili, za kipilipili, na hazijaguswa na dawa tangu nilipokuwa msichana. Kuzifumua na kuzichana kulikuwa kumefikia kunitwaa saa nzima, na bega langu la kulia limeanza kulalamika. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu ya pili sikumwambia mtu: nilitaka kuziona zikianguka mabegani hata mara moja kabla sijazeeka.

Nakusudia katika insha hii kuhakiki maandishi manne yasemayo habari ya kichwa cha mwanamke na mwanamume mweusi. Matatu yajulikana kwa wasomaji wa jarida hili. La nne limebandikwa ubavuni mwa chupa, na kwa kadiri nijuavyo halijapata kufikiriwa kuwa ni maandishi yastahiliyo mhakiki. Nitaanza na hilo, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuyasoma upya yale matatu.

Yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe kwa wasiolijua. Matengenezo haya yalienea kutoka Brazil katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Nywele huoshwa kwa shampuu kali ili magamba membamba yafunikayo unywele yafunguke. Hupakwa maji mazito ya chupani, zikaachwa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha zikakaushwa kwa draya. Mwisho hupigwa pasi fungu kwa fungu, na kila fungu hupitiwa mara kadhaa kwa joto lifikalo digrii 230. Mteja huambiwa asioshe kichwa kwa siku 3. Baada ya hapo nywele hukaa zimenyooka kwa miezi 3 mpaka 5, na mkunjo hurudi kidogo kidogo.

Jambo hili si sawasawa na dawa ya nywele waliyoizoea mama zetu. Dawa ile, yenye soda kali, huvunja vifungo vya ndani vya unywele, na unywele uliovunjwa haurudi tena katika hali yake. Mtu hungoja uote mwingine. Keratini haifanyi hivyo. Keratini ndiyo dutu itengenezayo sehemu kubwa ya unywele, na kucha, na sufu ya kondoo, na pembe ya ng'ombe. Ile ya chupani hupatikana kwa kuvunjavunja sufu au manyoya ya ndege. Walakini vipande hivyo peke yake havina nguvu ya kunyoosha kitu. Kinyooshacho ni fomaldehaidi, au kemikali nyingine itoayo fomaldehaidi ikipashwa moto. Kwa joto la pasi kemikali hiyo hujenga madaraja kati ya nyuzi za protini, na unywele ukashikwa katika umbo ule ulionyooshewa. Ikichanganywa na maji huitwa fomalini, na fomalini ndiyo ihifadhiyo maiti.

Sasa tuisome chupa. Maneno yake makuu ni matatu, na kila moja lataka kupimwa.

La kwanza ni kwamba yarudisha nywele katika asili yake. Hoja ni hii: unywele umefanywa kwa keratini; unywele uliochoka umepungukiwa na keratini; basi atiaye keratini harudishi ila kilichokuwa mali yake. Tazama, msomaji, jinsi methali yetu ilivyopinduliwa. Tulikuwa tukisema anyooshaye nywele ameacha asili. Chupa yajibu kwamba anyooshaye ndiye arudiye. Ni ufasaha wa kweli, nami sioni haya kuusifu kama nisifuvyo hila ya mshairi. Lakini ni ufasaha uliosimama juu ya kitu kisichofanya kazi inayotajwa. Keratini yapewa jina la mlango wa mbele, na fomaldehaidi yafanya kazi uani.

La pili ni kulainisha. Hili limeingia katika vinywa vyetu kiasi cha kutohisiwa tena. Mwenye kusema atalainisha amekwisha kusema, bila kuulizwa, kwamba kilichokuwapo ni kigumu. Unywele wa kipilipili si mgumu. Ushike mmoja peke yake kati ya vidole viwili utaona ulivyo mwembamba. Hukatika upesi, kwa kuwa kila pindo lake ni mahali pa udhaifu. Kisumbuacho kitana ni mkunjo, wala si ugumu. Neno la haki ni kunyoosha. Hata kunyoosha kuna hukumu ndani yake, maana katika Kiswahili kilichonyooka ni njia njema na tabia njema pia. Lakini angalau lataja kazi ifanyikayo. Kulainisha lamshitaki mteja kwanza, kisha lamwuzia msamaha.

La tatu limeandikwa kwa herufi kubwa: haina fomalini. Nitalirudia.

Niliketi katika kiti saa tatu za asubuhi. Msusi wangu alikuwa kijana mwenye mikono myepesi, mtu wa maneno machache. Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lilifungwa ili vumbi la barabarani lisiingie. Pasi ilipogusa fungu la kwanza ukatoka moshi mweupe, na macho yangu yakajaa machozi.

"Macho yanakuwasha, Mwalimu?" akaniuliza.

"Yananiwasha sana, mwanangu. Moshi huu ni wa nini?"

"Ndiyo dawa inashika. Vumilia kidogo tu. Mimi nimeshauzoea."

Akageuka upande akakohoa, kisha akashika fungu la pili. Nikamwuliza kikohozi kile alikipata lini.

"Hiki ni cha saluni," akasema. "Jumapili nikikaa nyumbani kinaniacha."

Tulipofika kisogoni akasimama, akanipa chupa mkononi. "Mwalimu, wewe umesoma. Hebu nisomee. Wateja wananiuliza kama ina fomalini, nami huwa sijui niwajibu nini."

Maandishi yalikuwa ya Kireno na Kiingereza. Nikatazama yale ya mbele, nikamjibu kwa uhakika wote wa mtu aliyezoea kuulizwa maana ya maneno: "Imeandikwa haina." Akashukuru, akaendelea na kazi. Nyuma ya chupa kulikuwa na orodha ndefu kwa herufi za mchanga. Nikaipitisha macho kama mtu apitaye sokoni mahali asipokusudia kununua, nikairudisha chupa mezani.

Sitaki kusema uongo juu ya matokeo. Nilipojitazama katika kioo nilifurahi. Kitana kilipita toka utosini mpaka nchani bila kukwama, jambo ambalo sikupata kuliona maishani mwangu. Asubuhi zangu zikarefuka kwa saa moja. Wenzangu wengine walinisifu, na mmoja aliniuliza, kwa tabasamu, kama bado ningefundisha Lawino muhula ule. Nikacheka, lakini swali lilinikaa. Nilipofungua kitabu kutayarisha somo, kwa mara ya kwanza nilikisoma nikiwa upande wa pili wa rungu.

Basi tuyatazame yale maandishi matatu.

La kwanza kwa umri ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliomtungia binti yake mwaka 1858. Miongoni mwa mausia yake mengi mama huyu amwagiza mwanawe aoge, ajisinge, azitengeneze nywele zake na kutunga yasmini. Wasomaji wa siku hizi hukwazwa na utendi huu kwa sababu mapambo yote humo yaelekezwa kwa mume, nami sina la kuwapinga. Lakini tuangalie jambo jingine. Yasmini alichumwa uani au alinunuliwa kwa mchuuzi ajulikanaye; mafuta na manukato yalikuwa na majina, na mama aliyafundisha majina hayo pamoja na matumizi yake. Binti yule huenda hakuwa huru katika mengi. Katika hili moja, alijua alichojitia kichwani.

La pili latoka Marekani. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1965, Malcolm X aeleza jinsi alivyonyoosha nywele kwa mara ya kwanza katika ujana wake mjini Boston. Rafiki yake alimtuma dukani na orodha: soda kali, mayai, viazi. Vikachanganywa mbele ya macho yake, akapakwa, kichwa kikamwaka moto. Kisha akajitazama katika kioo akapendezwa. Baadaye, alipokuwa mtu mwingine, alilihukumu tendo lile kuwa hatua kubwa ya kwanza ya kujidhalilisha. Sijui maandishi mengine juu ya nywele yenye ukali wa haki kama huo, kwa kuwa mwandishi hampigi jirani, bali ajipiga mwenyewe. Lakini hapa pia vitu vina majina yake. Kijana yule alidanganywa juu ya uzuri. Juu ya soda hakudanganywa. Aliinunua mwenyewe, akaonywa mapema kwamba itamchoma, na ikamchoma.

La tatu ni Lawino. Yeye ni mke wa Kiacholi aliyeachwa kando na mume wake, Ocol, kwa ajili ya Clementine, mwanamke wa mambo ya kisasa. Husahauliwa na wengi kwamba Lawino hawatukani wazungu kwa nywele zao. Hoja yake ni ya adabu kubwa: kila taifa lina nywele zake na desturi ya kuzitunza, na mwenye mzigo wa aibu ni yule atakaye kumfanya mtu mmoja kuwa mwingine. Awasema wachomao nywele zao kwa chuma cha moto, na chuma cha moto ni kitu ambacho hata mtoto akijua. Hoja hiyo yasimama mpaka leo, wala kichwa changu kilichonyooka hakikuiangusha.

Hata hivyo, nilipoisoma mara hii nilisikia ukimya ambao sikuusikia katika miaka yote ya kufundisha. Lawino asema. Ocol naye, mwaka 1970, alipewa na mtunzi yule yule wimbo wake wa kujibu. Clementine hakupewa wimbo. Twamwona kwa macho ya mke mwenzake tu, na nywele zake, poda yake na mwendo wake vyote vyasimuliwa na aliyeumizwa naye. Hapana mahali asemapo kwa nini alikwenda kuchomwa, nani alimwambia nini, alilipa kiasi gani, wala kama ngozi ya kichwa ilimwuma usiku. Okot alikuwa na haki ya kuchagua wa kumpa sauti. Kosa ni letu sisi walimu tuliochukua ukimya wa Clementine kuwa ni kukiri kwake. Na nyuma ya Clementine yuko mtu mwingine asiyetajwa kabisa, naye ni yule aliyeshika kile chuma.

Haya ndiyo yaliyonirudisha kwenye chupa. Nilikwenda kununua nyingine ya namna ile ile, nikaketi na ile orodha ya nyuma kama niketivyo na beti ngumu. Humo nikakuta neno methilini glaikoli. Nikamwendea mwenzetu wa idara ya kemia, naye akanieleza kwa dakika mbili: ni fomaldehaidi iliyokwisha kuungana na maji. Ikipashwa moto, fomaldehaidi hutoka. Ndiyo ule moshi mweupe. Herufi kubwa za mbele zilisema haina, na herufi za mchanga za nyuma zikasema inayo, kwa jina la pili.

Tena jambo hili halikuwa siri. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa wanadamu, hasa ya sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua. Mwaka 2009 mamlaka ya afya ya Brazil, Anvisa, ilipiga marufuku kuuza fomalini madukani, ili watu wasiitumie kunyoosha nywele. Mwaka 2010 wasusi wa mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani, walilalamika kwamba macho yawawasha, pua zawatoka damu na pumzi zawa nzito, ingawa chupa waliyoitumia iliandikwa kuwa haina fomaldehaidi. Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo hilo ikapima, ikakuta fomaldehaidi. Viwanda vingine vimehamia kwenye asidi ya glaioksili, ambayo nayo huweza kutoa fomaldehaidi kwa joto la pasi. Na mwaka 2024 madaktari walieleza habari ya mwanamke aliyeumia figo baada ya kunyooshwa nywele kwa dawa yenye asidi hiyo.

Ningependa msomaji aizingatie habari ya Portland. Wahakiki wa kwanza wa maandishi yale hawakuwa maprofesa. Walikuwa wasusi, na walisoma kwa macho yaliyowashwa. Waliona kwamba neno na moshi havipatani, wakaliamini jambo waliloliona kuliko neno lililoandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya uhakiki. Mimi niliketi katika moshi ule ule, macho yangu yakitoa ushahidi ule ule, nikaulizwa na mtu aliyenitumaini, nikaamini herufi kubwa.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wazee walisema hivyo kwa sababu mkakasi waweza kufunguliwa na mti ukaonekana. Hukumu za Mwana Kupona, Malcolm X na Lawino, kila moja kwa namna yake, zilitolewa juu ya vitu vilivyo wazi: yasmini, soda, chuma. Walibishana juu ya thamani, na mabishano ya thamani ni ya watu huru. Chupa yetu yaondoa mabishano hayo kabla hayajaanza, kwa kuwa yaficha kitu chenyewe. Mwanamke ajuaye kilichomo, akapima hatari na furaha yake, kisha akaketi kitini, aweza kulaumiwa au kusifiwa. Ni mtu aliyechagua. Asiyeambiwa hakuchagua bado. Kwa hiyo naona methali yetu imekuwa ikitafuta mtumwa mahali pasipo pake. Sikuwa mtumwa kwa sababu nywele zangu zilianguka mabegani. Nilifanana na mtumwa kwa sababu nilifanyiwa jambo ambalo jina lake lilifichwa. Na kilichonitia haya zaidi ni kwamba nilisaidia kulificha kwa mtu mwingine.

Nilirudi saluni. Nikamwonyesha msusi lile neno la nyuma, nikamweleza maana yake, nikamwomba radhi kwa jibu la siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua chupa akaitazama kama aitazamaye mara ya kwanza.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?" akasema. "Kichwa kimoja cha keratini kinanipa kuliko mabutu ya siku mbili."

Sikuwa na jibu la kumtosha. Tulisogeza kiti karibu na mlango, tukafungua dirisha, tukaweka feni ipeleke moshi nje. Tulijua sote kwamba hiyo si kinga kamili, na kwamba kitambaa cha puani hakizuii mvuke wa namna ile. Akaniomba nimwandikie lile neno, na maana yake kwa Kiswahili, kwenye karatasi, aibandike kioo kilipo ili wateja wasome wenyewe. Nikaandika mistari minne. Katika miaka yote ya kuandika sijapata mistari iliyonitaabisha zaidi, kwa maana ilinipasa kusema kweli bila kumfukuzia mteja mtu ambaye hana kazi nyingine.

Nywele zangu zimeanza kurudi. Kisogoni mkunjo ni ule ule wa zamani. Mbele, mahali pasi ilipokaa zaidi, yako mashungi mawili yaliyokataa kukunja, na nadhani nitayakata. Sitatiwa tena. Nasema hivyo kwa ajili yangu, nami sikuandika insha hii ili nimkataze mtu.

Lakini kwa wanafunzi wa fasihi nina ombi. Muhula ujao tutasoma Lawino tena, na zoezi halitakuwa kumhukumu Clementine. Litakuwa kumtungia wimbo ambao hakupewa, na pamoja naye yule aliyeshika chuma, akikohoa siku sita na kupumzika Jumapili. Na atakayeona kwamba kazi hiyo haitoshi, achukue chupa iliyo katika saluni ya mtaani kwao, ageuze upande wa nyuma, aandike kwa Kiswahili kilichomo. Karatasi yangu ya mistari minne bado imebandikwa pale kiooni. Mara ya mwisho nilipopita, nilimkuta mteja amesimama mbele yake, kilemba mkononi, akiisoma kwa sauti ya chini, na msusi akimngoja amalize.